Websaiti ya laki nane, miezi 14, mteja hata mmoja. Nimepigwa au nimejipiga mwenyewe?

#1 Mninga Mkavu

Wakuu salaam.

Mimi ni fundi samani, nina karakana Keko, Dar es Salaam, na vijana watano. Mwaka juzi wateja wakubwa wakubwa, watu wa maofisi na mahoteli, wakawa wananiuliza "una websaiti?" Nikijibu nipo Instagram wananitazama kama nimesema nauza chipsi. Nikajikamua, nikamtafuta kijana, akanitengenezea kwa laki nane, domeini (jina la websaiti) ya .co.tz ikiwa humo humo. Ikapendeza kwa kweli. Ina picha zinazoteleza zenyewe, ina "Kuhusu Sisi", ina fomu ya kuandika ujumbe, ina kile kitufe cha kijani cha WhatsApp pembeni.

Leo miezi 14. Mteja aliyetokea kwenye websaiti: sifuri. Sisemi wachache, nasema sifuri. Instagram ambayo sijailipia hata shilingi inanipa wawili watatu kwa wiki. Na mwezi ujao natakiwa kulipia tena hosti, pale websaiti inapohifadhiwa, na domeini.

Naomba kuuliza: humu kuna mfanyabiashara wa kawaida, siyo benki wala kampuni ya simu, ambaye websaiti imemwingizia hela? Au ndiyo tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

#2 Kandambili

Ngoja waje wajuzi. Natandika mkeka hapa.

#3 Dalali wa Buguruni

Mkuu pole, ila jibu unalo mwenyewe kwenye bandiko lako. Instagram bure, wateja watatu kwa wiki. Websaiti laki nane, sifuri. Unauliza nini tena?

Mteja wa Bongo anataka aone, ashike, agonge mbao kwa ngumi asikie inavyolia, walumbane bei, alipe. Websaiti kwetu ni kama kalenda ya ukutani yenye nembo ya kampuni, unamgawia mtu aone na wewe upo. Hosti usilipie. Nunua msasa.

#4 Kebo Nyeusi

Dalali unalinganisha genge na bango la barabarani. Instagram inakupeleka mbele ya mtu ambaye hakuwa anakutafuta, alikuwa anaangalia vichekesho mara kakutana na kabati. Websaiti inamsubiri mtu ambaye tayari ana shida, kakaa saa tano usiku anaandika Google "meza ya mkutano watu 12 Dar es Salaam". Hao wa pili ni wachache, ila wana oda.

Mninga Mkavu, maswali mawili. Tangu ukabidhiwe umeongeza nini humo ndani? Na nywila anayo nani? Nitumie linki pm, usiibandike hapa, kuna watu humu wana mikono mirefu.

#5 Mninga Mkavu

Kuongeza? Sijaongeza kitu. Nilijua ikishatengenezwa imetengenezwa, kama nyumba. Nywila anayo yule kijana. Linki nimekutumia.

#6 Kandambili

"Kama nyumba." Hata nyumba mkuu inafagiliwa 😂

#7 Kebo Nyeusi

Nimeingia, nimekaa kama nusu saa. Mninga Mkavu ameniruhusu niseme hadharani, kwa hiyo samahani ndugu yangu, kaa chini kwanza.

Nianze na kinachouma. Kile kitufe cha kijani hakifanyi kazi. Kiungo cha WhatsApp kinatakiwa kianze na 255 halafu zifuate tarakimu zako bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Kijana ameandika 2550 halafu ndiyo namba ikaendelea. Ukibonyeza, WhatsApp inakwambia namba hii haipo. Na juu ya ukurasa namba ya kupiga imewekwa kama picha, haibonyezeki wala hainakiliki. Mteja aandike kwa kalamu kwenye kiganja?

Chini ya "Kuhusu Sisi" kuna aya tatu za Kilatini. Ni yale maneno ya kujazia nafasi yanayokuja na templeti, hakuna aliyeyatoa. Kwenye "Habari" kuna posti moja tu, ile ya kusalimia dunia ambayo WordPress, mfumo uliotumika kutengeneza websaiti yako, huja nayo ikiwekwa mara ya kwanza. Kwa hiyo wewe rasmi habari yako pekee kwa ulimwengu ni salamu.

Zile picha zinazoteleza ni za sofa za watu. Moja ina dirisha, nje kuna theluji. Keko!

Kazi zako mwenyewe zipo, na ni nzuri, ila umezifukia ukurasa wa nne. Picha 24, kila moja imepandishwa kama ilivyotoka kwenye simu, MB 3, 4, nyingine 5. Jumlisha hapo, unamtaka mteja aliyejiunga bando la siku akulipie karibu MB 100 ili aone makabati. Hiyo picha ukiipunguza iwe KB 150 au 200 kwenye simu haionekani tofauti yoyote.

#8 Mninga Mkavu

Kaka subiri. Unaniambia kitufe kimekufa miezi 14?

#9 Kebo Nyeusi

Hakijafa. Hakikuwahi kuzaliwa.

#10 Kandambili

Theluji Keko 😂😂😂 nimeshuka kwenye daladala nicheke vizuri.

#11 Dalali wa Buguruni

Sawa, kitufe kibovu nakubali. Lakini tusijidanganye kuwa kingekuwa kizima foleni ingefika Veta Chang'ombe. Mbona wapo wenye vitufe vizima na wanalia vilevile? Shemeji yangu ana websaiti ya kukodisha maturubai na viti, kila kitu kinafanya kazi, simu inayolia ni ya watu wa kumuuzia SEO, zile mbinu za kuonekana juu Google.

#12 Bi Mwamba wa Jambiani

Assalaam aleikum. Mie nina nyumba ya wageni vyumba sita, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Websaiti yangu inanilisha, lakini si kwa sababu mnazozisema hapo juu.

Miaka ya mwanzo ilikuwa kama ya huyu fundi. Picha za bahari, maneno matamu, kimya. Wageni wakipitia kwenye haya majukwaa makubwa ya kuhifadhi vyumba, wananikata kamisheni mpaka mgongo unauma. Wakifika, lalamiko moja: "Tumelipia bahari, bahari iko wapi?" Kwani upande wetu maji yakitoka yametoka, unatembea mpaka unachoka ndo uyakute. Mgeni hajui bamvua wala maji mafu, anadhani kadanganywa. Mmoja aliniuliza maji yanarudishwa saa ngapi, kama vile mie ndo nayafungua kwa mfereji.

Basi mpwa wangu akaniambia andika. Nikaandika ukurasa mmoja mrefu: maji yanatoka na kurudi mara mbili kwa siku, kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, bahari inapanda na kushuka karibu mita nne. Saa gani uogelee, saa gani utembee uwatazame kinamama kwenye mashamba ya mwani, viatu gani uvae kwa ajili ya shokoshoko, wale wa baharini wenye miiba. Sikuuza chumba hata kimoja mule ndani. Mpwa akakitia Kiingereza, na rafiki yake Mtaliano akakitia Kitaliano. Na kila mwezi naweka saa za maji za mwezi ujao.

Ukurasa ule ndo unaoleta watu. Wanatafuta habari ya maji, wananikuta mie, wanaona nawaambia kweli hata ile isiyonifaa kibiashara, wanaandika moja kwa moja. Na lalamiko la bahari limekwisha.

#13 Kebo Nyeusi

Mama umenimalizia hotuba yangu yote. Hilo ndilo nilikuwa nazunguka.

#14 Dalali wa Buguruni

Bi Mwamba heshima yako, lakini wateja wako wapo Milano, hawana njia nyingine ya kukufikia zaidi ya Google. Mteja wa Mninga Mkavu yupo Mbagala. Anapanda daladala. Usiwatie kwenye chungu kimoja.

#15 Spea Kirinyaga

Wadau, nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi nauza spea za magari Kirinyaga Road, na wateja wangu hawako Milano, wako Thika na Machakos. Na websaiti inanifanyia kazi. Tofauti ni moja, na nimesoma uzi wote hakuna aliyeigusa: BEI.

Nyinyi ndugu zetu wa Bongo mna ugonjwa. Naingia ukurasa wa duka la Dar, bidhaa nzuri, nauliza bei, najibiwa "njoo inboksi". Kwa nini? Ni siri ya serikali? Mimi nilipoweka bei zote, na till namba ya kulipia kwa simu chini yake, simu zilipungua. Nilishtuka, nikafikiri nimeharibu. Halafu nikagundua waliopungua ni wale wa kuuliza tu. Wanaopiga sasa wanauliza "iko? nitume pesa?" Nusu ya siku yangu imerudi.

#16 Mninga Mkavu

Spea nakuheshimu, lakini samani siyo plagi. Kitanda cha tano kwa sita cha mninga kina bei, cha mkongo kina bei, cha msaji kina bei yake. Unataka droo? Unataka kimepigwa vanishi au kimeachwa hivyo? Mbao yenyewe leo bei hii, mvua ikinyesha njia mbovu, wiki ijayo bei nyingine. Nikiweka bei leo, kesho mteja ananishikia bango.

#17 Kandambili

Sema pia bei inategemea mteja kaja na gari gani. Sisi tunaokuja na kandambili tunajua.

#18 Mninga Mkavu

Hilo sijalisikia 😂

#19 Spea Kirinyaga

Andika "kuanzia". "Kitanda cha mninga kuanzia kiasi fulani." Mtu ajue kama ni wa ligi yake. Na andika tarehe uliyobadilisha bei mara ya mwisho, hiyo peke yake inaonyesha kuna mtu yuko hai hapo.

#20 Maskati Mgeni

Nawasoma kutoka Oman. Niongee kama mteja, maana naona wauzaji mmejaa.

Mwaka jana nilitaka kumnunulia mama kitanda na kabati, yeye yupo Tanga. Nikakaa usiku natafuta mafundi wa Dar. Niliingia websaiti kama sita hivi. Bei, kwangu mimi, haikuwa shida hata kidogo. Shida ilikuwa sijui kama hawa ni watu kweli. Picha zile zile nimeziona kwenye websaiti tatu tofauti. Hakuna sura ya fundi, hakuna karakana, hakuna picha ya kitanda kikiwa nusu, hakuna jina la mtaa. Wananiambia nitume nusu ya hela kwanza. Kwa nani?

Mwishowe nilimtuma mtoto wa dada akapanda basi kutoka Tanga, akaenda Keko kwa miguu yake, akanipigia simu ya video akiwa amesimama kwenye vumbi la mbao. Hapo ndipo nilipotoa hela. Mninga Mkavu, video ile ya vumbi la mbao ndiyo websaiti niliyokuwa naitafuta usiku kucha.

Na jambo jingine. Zote sita zilikuwa kwa Kiingereza. Nilitaka mama achague mwenyewe, ikabidi nimtafsirie kabati kwa simu.

#21 Bi Mwamba wa Jambiani

Huyu wa Maskati kasema kweli tupu.

#22 Mwalimu wa Zamu

Mimi naona mnazunguka. Tatizo ni WordPress. Ilitoka 2005, imezeeka, nzito, inavamiwa na wadukuzi kila siku. Hamia Joomla mkuu, ni mfumo mwingine wa websaiti, kila kitu kitakaa sawa.

#23 Kebo Nyeusi

Mwalimu, WordPress ilitoka Mei 2003. Hiyo 2005 uliyoikumbuka ni mwaka Joomla ilipomeguka kutoka mfumo ulioitwa Mambo, kwa hiyo ile unayoiita zee kweli ni kubwa kwa miaka miwili tu. Na zaidi ya websaiti nne kati ya kumi duniani zinaendeshwa na WordPress, ndiyo maana pia zinashambuliwa sana. Wezi huenda kwenye soko lenye watu. Wengi wanaovamiwa ni wale wenye plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, ambazo hazijaapdetiwa miaka.

Kwa fundi wetu hapa, hata ungempa mfumo wa NASA bado ile sifuri ingekuwa pale.

#24 Mwalimu wa Zamu

2005 niliyosema ni WordPress.com, ile huduma ya kufungua blogu mtandaoni. Sikukosea, sikufafanua.

#25 Kebo Nyeusi

Hapo umejiokoa, hiyo kweli ni 2005. Alama nusu.

#26 Kirikuu Namba Tatu

Mimi ni dereva wa kirikuu, nabeba samani kutoka Keko miaka minane. Niwape siri. Wateja wengi wanapiga simu wakiwa wameshafika Chang'ombe na wamepotea. Fundi anawaambia "njoo mpaka kwenye mwembe". Mwembe ulikatwa!

Mninga upo kwenye ramani ya Google? Ni bure. Unajisajili, wanakuhakiki, siku hizi mara nyingi wanataka uwapigie video ya mahali ulipo na kibao chako. Jirani yako mmoja, simtaji, hana websaiti kabisa, ila yupo kwenye ramani na kila nikishusha mzigo wake ananiambia mwombe mteja aandike neno. Watu wanaandika, wanaweka na nyota. Huyo nambebea mzigo kuliko nyote.

#27 Dalali wa Buguruni

Kirikuu nakupa mkono. Mmeona? HANA WEBSAITI KABISA.

#28 Shangazi Kitenge

Dalali, na mimi nilikuwa kama wewe. Nauza vitenge Kariakoo, kila kitu Instagram na WhatsApp. Mnaikumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? Jioni Facebook, Instagram na WhatsApp vyote vikazima, vikarudi usiku wa manane. Nilikuwa na mzigo mpya na watu wameshaahidi kulipa jioni ile. Namba zao zote zipo kwenye WhatsApp, kwenye simu sijaziandika hata moja. Nilikaa naitazama simu kama nimefiwa.

Tena zile ni saa sita tu. Mwaka uliofuata akaunti yangu ikaibiwa, wafuasi elfu kumi na kitu, mpaka leo. Anayeitumia anauza simu za wizi kwa jina langu. Ndiyo nikajenga pa kwangu. Mgeni njoo, lakini nyumba iwe yangu.

#29 Mwalimu wa Zamu

Na Jumapili ile ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika? Websaiti yako si ilikuwa kwenye seva ya Ulaya? Ilifunguka?

#30 Shangazi Kitenge

Haikufunguka. Lakini siku ile hakuna cha mtu kilichofunguka, tulikuwa wote msibani.

#31 Kandambili

Mwalimu leo kaja na rula.

#32 Mninga Mkavu

Wakuu nimerudi, na nimerudi vibaya.

Nimempata yule kijana, akanipa nywila bila matata, Mungu ambariki. Kebo Nyeusi akanielekeza kwa simu jinsi ya kufungua lile sanduku la barua pepe la "info" ambako fomu ya websaiti inapeleka ujumbe. Mimi nilikuwa hata sijui kama lipo. Ndani kuna barua karibu 70. Nyingi takataka, watu wananiuzia dawa za nguvu na kunifanya wa kwanza Google. Lakini nne ni wateja. NNE.

Mmoja anauliza meza ya kulia chakula. Mwingine milango. Wa tatu anataka nimfundishe kijana wake kazi. Wa nne ni hoteli, wanataka viti 40 na meza 10, wameambatanisha na mchoro, wanaomba nijibu ndani ya siku saba. Tarehe ya barua ni miezi tisa iliyopita.

Nimewapigia. Mama aliyepokea alikuwa mstaarabu, akasema "viti tulishapata, asante kwa kutukumbuka".

#33 Kandambili

Hapa sicheki. Pole sana kaka.

#34 Spea Kirinyaga

Viti 40. Haki pole.

#35 Kebo Nyeusi

Pole. Lakini sasa kile kichwa cha uzi chako ni uongo. Wateja walikuja. Walibisha hodi, nyumba ikakaa kimya.

Leo fanya hivi: fomu ipeleke kwenye barua pepe unayoifungua kwenye simu, na uijaribu mwenyewe kwa kujiandikia, maana fomu nyingi barua zake huishia kwenye takataka zisipopitishwa njia sahihi. Halafu jiandikie hivyo hivyo kila Jumatatu.

#36 Dalali wa Buguruni

Wateja wanne kwa miezi 14, mmoja wao anatafuta ajira. Bado nasimama palepale. Ila hoteli imeniuma hata mimi.

#37 Mzee Tofali

Fundi una bahati kijana wako ni mwungwana. Mimi nauza matofali na kokoto, wangu alisajili domeini kwa jina lake. Tulipokosana kidogo tu akaizima. Jina la biashara yangu, nimelichapa kwenye lori mbili, akawa ananiuzia milioni mbili. Nilipaka rangi malori.

Wanasema domeini zetu ziko kwa tzNIC, wasimamizi wa majina ya .tz, nikalalamike huko, je bado inawezekana?

#38 Kebo Nyeusi

Mzee, tzNIC ndiyo ilikuwa zamani, siku hizi rejista ya .tz iko TCRA yenyewe, Mamlaka ya Mawasiliano. Unasajili kupitia mawakala waliothibitishwa. Cha kushika ni kwamba jina la mmiliki kwenye usajili liwe lako au la kampuni yako, na barua pepe iwe yako. Fundi awe mhudumu tu. Peleka na cheti chako cha jina la biashara uwaulize, usikate tamaa.

Mninga Mkavu, na wewe kaangalie ya kwako imeandikwa jina la nani. Uungwana wa mtu usiuweke kwenye usajili.

#39 Mninga Mkavu

...ni la kwake. Naenda kubadilisha kesho.

#40 Bongo Dijitali

Wakuu mimi nina suluhisho la haraka. Weka fomu ya "jaza namba yako upate punguzo". Ukikusanya namba elfu mbili tatu unawapiga SMS kila Ijumaa. Na maudhui ya websaiti siku hizi huandiki, akili bandia inakuandikia makala thelathini kwa siku moja. Google inajaa jina lako.

#41 Shangazi Kitenge

Kuhusu hizo SMS, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 1, 2023, na kuna Tume yake. Ukikusanya namba za watu unatakiwa uwaambie unazichukua za nini, na uzitumie kwa hilo hilo. Kabla hujaanza kuwapiga watu Ijumaa kaulize kama unatakiwa kujisajili.

#42 Spea Kirinyaga

Huku Kenya tuko nayo tangu 2019. Mimi kila SMS naweka njia ya kujitoa.

#43 Kandambili

Na hizo makala thelathini nazijua. "Karibu katika ulimwengu wa samani bora ambapo ubora hukutana na umaridadi." Ile ya Kilatini bora, angalau haidanganyi.

#44 Bi Mwamba wa Jambiani

Sasa hiyo akili bandia itajua Mninga anakausha mbao siku ngapi? Hilo ndo mie ningetaka kusoma. Fundi hebu tueleze, unakausha siku ngapi?

#45 Mninga Mkavu

Bi Mwamba hapo umenigusa penyewe. Mbao ya inchi moja ukiipanga kivulini na vijiti katikati hewa ipite, miezi kadhaa. Wenzetu wanapigilia ikiwa mbichi, mteja anapeleka nyumbani, baada ya muda mlango wa kabati haufungi, kitanda kinalia usiku kucha. Na wengine wanachukua mti mwingine kabisa mwepesi, wanapaka rangi ya kahawia, wanakwambia mninga. Geuza ubavu wa chini usiopakwa rangi, utaona. Mninga una rangi yake mpaka ndani, na ukiupiga randa una harufu. Na upime uzito wa droo...

#46 Kirikuu Namba Tatu

Ya rangi ya kahawia nathibitisha. Mgongo wangu unajua mninga halisi ni upi, ukinyanyua kitanda kwa mkono mmoja ujue umebeba uongo.

#47 Mzee Tofali

Kitanda changu kinalia. Kumbe.

#48 Maskati Mgeni

Mninga Mkavu, hicho ulichoandika #45 kinakili ukiweke kwenye websaiti kama kilivyo, na video ya kugeuza ubavu. Usimpe mtu akitengeneze.

#49 Mninga Mkavu

Wiki mbili baadaye. Mliniuliza pm, najibu hapa.

Kilatini kimetoka, theluji imetoka, sifuri imetoka. Nimeweka ile habari ya mninga halisi na bandia kwa Kiswahili, video dakika mbili kijana wangu anageuza ubavu. Nipo kwenye ramani. Picha zimepunguzwa. WhatsApp zimeingia 11 kupitia kitufe. Watatu wamefika karakana, wawili wameacha advansi.

#50 Kebo Nyeusi

Safi. Ni maudhui hayo, habari ya mninga ndiyo imefanya kazi.

#51 Spea Kirinyaga

Na mimi nasema ni ile "kuanzia". Si umeiweka?

#52 Mninga Mkavu

Bei bado sijaweka.

#53 Kirikuu Namba Tatu

Ni ramani. Mmoja wa hao wawili nimembebea mimi, kaniambia alifuata ramani. Websaiti hata hakuifungua.

#54 Dalali wa Buguruni

Ni huu uzi! Watu wamesoma humu, wakakuomba linki pm, wamebonyeza kitufe kuona kama sifuri imetoka. Mimi mwenyewe ni mmoja kati ya hao 11. Subiri miezi 14 mingine ndiyo uje utuambie.

#55 Mninga Mkavu

Ile namba ya Buguruni iliyoandika "mambo" halafu ikanyamaza ni wewe?

#56 Dalali wa Buguruni

Nilikuwa napima mitambo.

#57 Kandambili

Mkuu, mimi sasa naongea kama mteja, sitanii. Kitanda cha mninga, tano kwa sita, bila droo, vanishi ya kawaida. Bei gani?

#58 Mninga Mkavu

Njoo inboksi mkuu.

#59 Spea Kirinyaga

Aki mimi naenda kulala.